Nairobi Hadi New York: Saa 15 Angani, Miaka 60 Njiani

Ratiba ya kwanza ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, ile ya Oktoba 2018, ukiitazama haraka haraka inachekesha. Ndege inaondoka saa 5:25 usiku, inatua saa 12:25 asubuhi. Piga hesabu: saa 7. Yaani kama mtu kapanda basi Dar akashukia Dodoma. Njoo sasa kwenye kurudi. Inatoka New York saa 6:25 mchana, inafika Nairobi saa 4:55 asubuhi ya siku ya pili. Hapo ni saa 22 na nusu! Ndege ileile, njia ileile, iweje kwenda ipae na kurudi itambae?

Mchawi hapo ni saa za ukutani. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 8 kipindi chao cha baridi, na saa 7 kipindi chao cha joto. Zirudishe hizo saa 8 mahali pake, utaona kwenda ni saa 15 na kurudi ni saa 14 na nusu. Hiyo nusu saa inayopungua wakati wa kurudi ni zawadi ya upepo. Huko juu ya Atlantiki kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo ndege ikienda Marekani inapigana nao, ikirudi inasukumwa mgongoni.

Umbali wenyewe, kwa njia fupi kuliko zote, ni takriban kilomita 11,840. Mzunguko wa dunia nzima ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo abiria anameza zaidi ya robo ya dunia bila kushuka hata mara moja kunyoosha miguu. Ukiichora njia hiyo juu ya tufe la dunia, inatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi: Uganda, Sudan Kusini, Chad, Niger, jangwa la Algeria, halafu Morocco. Nusu ya safari inaangukia karibu na mji wa Marrakech. Watu wengi wakifikiria Marekani wanawaza bahari tu, kumbe nusu nzima ya safari ni bara la Afrika lenyewe, ndipo maji yanaanza. Rubani haufuati mstari huo kama treni inavyofuata reli, maana kuna upepo wa kutega na anga zenye vita za kukwepa, lakini picha ndiyo hiyo.

Sasa kilomita hizo hazijaongezeka wala kupungua tangu binadamu ajifunze kuruka. Kilichobadilika ni nani anazivuka, kwa jasho la nani, na baada ya kutua mara ngapi. Na stori hiyo imejaa watu ambao majina yao hayajawahi kuandikwa kwenye tiketi yoyote.

Kwenye miaka ya 1930 safari ya namna hii ilihesabiwa kwa siku, si kwa saa. Februari 1931 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilifungua njia ya ndege kutoka London hadi Mwanza. Ndiyo, Mwanza hii hii ya sato na sangara. Kazi kubwa mwanzoni ilikuwa kubeba barua, na ndege zilizotumika kipande cha huku zilikuwa zile za kutua majini, zinashuka Kisumu kisha zinamalizia ziwani Mwanza. Kuvuka Atlantiki kwa ndege ya abiria ilikuwa bado ndoto. Mtu wa Afrika Mashariki aliyetaka kufika New York alipanda meli, basi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ndege zikawa kubwa na Nairobi ikahitaji uwanja mpya. Uliokuwepo ulikuwa Eastleigh, na ulishazidiwa. Serikali ya kikoloni ikachagua tambarare ya Embakasi, nje ya mji. Swali likabaki moja: nani atachimba?

Jibu lilipatikana kwa njia ambayo vitabu vya mashirika ya ndege huwa haviisemi. Oktoba 1952 ilikuwa imetangazwa hali ya hatari Kenya nzima kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Watu walikusanywa kwa maelfu wakatupwa kwenye makambi ya vizuizini, wengine bila kufikishwa mahakamani. Moja ya makambi hayo lilikuwa Embakasi. Wafungwa wa Mau Mau ndio walioshika sururu na makarai. Walichimba, wakabeba mawe, wakasawazisha ardhi chini ya mtutu wa bunduki, kazi ya lazima, ili ndege kubwa za Ulaya zipate pa kutua.

Fikiria kidogo hali ya mtu wa namna hiyo. Shamba lake Kenya ya Kati limechukuliwa, mkewe na watoto wamehamishiwa kwenye kijiji kilichozungushiwa uzio na mitaro, na yeye yuko juani anatengeneza njia ya ndege ambayo hana ndoto ya kuipanda. Kwa hiyo kila mtu anayejipiga selfie Embakasi akisubiri kuitwa kupanda, amesimama kwenye kazi ya mikono hiyo.

Uwanja ulifunguliwa na gavana Mei 1958. Jina la gavana lipo kwenye kumbukumbu, la wachimbaji hakuna anayelitaja. Ilikuja kuchukua hadi Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ikatamka kwamba inasikitika kwa mateso ya kipindi kile, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 waliofungua madai. Kwa wengi zaidi ya hao, muda ulikuwa umeshapita.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya uwanja kufunguliwa, Septemba 1959, likatokea tukio jingine palepale Embakasi. Vijana 81 wa kike na wa kiume walipanda ndege ya kukodi kwenda New York kusoma. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa. Afrika Mashariki nzima ilikuwa na Makerere na vyuo vichache vya ufundi, nafasi za kuhesabu, na wakoloni hawakuona haraka yoyote ya kuziongeza. Mwanasiasa kijana wa vyama vya wafanyakazi, Tom Mboya, akazunguka Marekani akiomba nafasi vyuoni na pesa za nauli. Vyuo vikatoa nafasi. Nauli zikachangwa na Wamarekani wa kawaida, na barua ya kuomba michango ilisainiwa na mastaa wa wakati huo: mcheza besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Kwa lugha ya leo, maselebriti waliposti na mashabiki wakatuma.

Huku nyumbani nako vijiji vilichanga. Mzazi anauza ng'ombe, jirani anatoa shilingi, kanisa linapitisha kikapu. Kijana mmoja kwenye ndege ile alikuwa amebeba deni la kijiji kizima mfukoni.

Na safari haikuwa ya saa 15. Ndege za propela za wakati huo hazikuwa na uwezo wa kwenda kilomita karibu 12,000 kwa mafuta ya mara moja. Zilitua, zikajaza, zikaruka, zikatua tena. Wengi wa abiria hao hawakuwahi kupanda ndege maishani, wala kuvaa koti la baridi. Waliteremka uwanja wa Idlewild, New York, wakatawanyika kwenye vyuo vya majimbo ambayo hata kuyatamka ilikuwa shughuli.

Mwaka uliofuata, 1960, mambo yakawa makubwa zaidi. Wanafunzi waliokuwa na nafasi walikaribia 300 na pesa ya ndege haikuwepo. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikakataa kusaidia. Julai 26 Mboya akaenda kumwona seneta mmoja nyumbani kwake Hyannis Port, seneta aliyekuwa anagombea urais na pia anaongoza kamati ndogo ya Seneti ya mambo ya Afrika. Mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000. Habari zilipovuja, upande wa mpinzani wake ukashtuka, na ile wizara iliyokuwa imekataa ghafla ikasema nayo inazo pesa. Siasa za uchaguzi hazijaanza leo. Vijana wa Nairobi, Kampala na Dar wakawa wamegeuka mada ya kurushiana maneno ndani ya Seneti ya Marekani. Seneta huyo alikuwa John F. Kennedy, na Novemba mwaka huo akashinda urais.

Kuna stori ya mtaani kwamba baba yake Barack Obama alikuwa kwenye ndege ya wale 81. Hakuwemo. Alikwenda Marekani mwaka huohuo wa 1959, ila kwa safari yake mwenyewe, akaangukia Chuo Kikuu cha Hawaii. Aliyekuwemo kwenye safari za 1960 ni Wangari Maathai, aliyepelekwa chuo kidogo jimbo la Kansas na miaka 44 baadaye akachukua Tuzo ya Amani ya Nobel. Lakini kwa kila Wangari mmoja kuna mamia ambao hakuna anayewajua: hadi 1963 karibu vijana 800 wa Afrika Mashariki na nchi jirani walishasafirishwa. Walirudi wakawa walimu, madaktari, mabwana shamba, makatibu wa wizara. Hao ndio waliokalia viti walivyoacha Waingereza.

Sasa angalia majina ya viwanja vyenyewe, kwa sababu hapa historia imecheza mchezo wake. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Siku 12 baadaye, tarehe 24 Desemba 1963, uwanja wa Idlewild walikoshukia wale vijana ulibadilishwa jina ukaitwa John F. Kennedy, aliyekuwa ameuawa Novemba 22. Upande wa pili, Embakasi ilipata jengo jipya la abiria Machi 1978, ng'ambo ya njia ya kurukia ileile. Agosti mwaka huo Rais Jomo Kenyatta akafariki, na uwanja ukachukua jina lake. Septemba 1959, wakati vijana 81 wanapanda ndege Embakasi, huyo Kenyatta alikuwa Lodwar, kaskazini kabisa mwa Kenya, haruhusiwi kutoka, baada ya kumaliza kifungo kilichotokana na kesi ya Mau Mau. Kwa maneno mengine, uwanja uliochimbwa na wafungwa ukaja kuitwa kwa jina la mfungwa. Na uwanja wa kule ukaitwa kwa jina la mtu aliyelipia nauli.

Mboya hakupata uwanja. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Yeye amepewa barabara katikati ya jiji, ile ambayo jioni inajaa matatu na watu wanaokimbilia nyumbani.

Miaka iliyofuata umbali ulipungua kidogo kidogo. Ndege za jeti zilikuja, na Pan Am ya Marekani ilikuwa ikifika Nairobi kwa kupitia Afrika Magharibi. Ila mtu wa kawaida alipitia London, Amsterdam, baadaye Dubai na Doha. Safari ya mlango kwa mlango inakula siku nzima na zaidi, mtu amelala kwenye viti vya chuma, mkoba ameufanya mto.

Kwa nini isiwe moja kwa moja? Ndege zenye uwezo zilishakuwepo. Kizuizi kilikuwa usalama, na hapo tarehe 7 Agosti ina kumbukumbu mbaya. Siku hiyo mwaka 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa na zaidi ya watu 200 wakafa, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa maofisi ya jirani. Tangu hapo Wamarekani waliitazama Nairobi kwa jicho jingine. Juni 2009 shirika moja kubwa la Marekani lilikuwa tayari kuanza safari za Atlanta hadi Nairobi kupitia Dakar, tiketi zimeshauzwa. Siku moja kabla ya kuanza, mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani ikazuia. Halafu 7 Agosti 2013, miaka 15 kamili baada ya mabomu, moto ukateketeza jengo la wageni wanaowasili pale Jomo Kenyatta. Kwa siku kadhaa abiria walihudumiwa kwenye mahema.

Kenya ikaanza upya. Abiria wanaofika wakatenganishwa na wanaoondoka, uzio ukaimarishwa, ukaguzi ukaongezwa. Februari 2017 mamlaka ya anga ya Marekani ikaipa Kenya Daraja la Kwanza, na hapo ndipo Kenya Airways ikaweza kuomba kibali cha kuruka moja kwa moja. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018 Boeing 787 ikaondoka Embakasi. Aliyeipungia bendera ni Rais Uhuru Kenyatta, mtoto wa mwenye jina la uwanja. Tangu gavana afungue uwanja ni miaka 60 na miezi mitano.

Na hapa kuna kitu ambacho abiria wengi hawajui: kwa nini ndege hiyo iliwekewa ratiba ya usiku? Nairobi iko juu sana, mita 1,624 kutoka usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa au Dar. Hewa nyepesi maana yake bawa linapata kidogo cha kulibeba na injini inapata kidogo cha kuvuta, kwa hiyo ndege nzito inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Jua la mchana linaifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Usiku kukipoa, hewa inakuwa nzito, ndege inaruka na mzigo zaidi. Na ndege hiyo ni nzito kweli: shirika lilisema kila upande inahitaji tani 85 za mafuta. Ina viti 234, kwa hiyo hata kikijaa kila kiti, kila abiria ana zaidi ya kilo 360 za mafuta nyuma ya jina lake. Wewe begi likizidi kilo mbili unalipishwa, mafuta yako hakuna anayekuuliza. Ndani kuna marubani 4 wanaopokezana na wahudumu 12.

Kimo hichohicho ndicho kinachowatesa majirani. Addis Ababa iko juu zaidi, mita 2,300 na ushee. Ndiyo maana ndege za Ethiopia zinazokwenda Washington zimezoea kutua mahali kama Dublin au Lomé kuongeza mafuta, lakini zikirudi kutoka Marekani, zinakoruka karibu na usawa wa bahari, zinaunganisha moja kwa moja. Embakasi inaponea kwa kuwa chini kidogo na kuwa na njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ni njia moja tu hadi leo. Ikifungwa kwa ajali au matengenezo, Nairobi nzima inasimama.

Ikitazamwa kwa upana wa dunia, saa 15 si rekodi. Singapore hadi New York ni zaidi ya kilomita 15,300, saa 18 na zaidi, watu wanaangalia muvi hadi zinaisha. Corona nayo ilikuja ikaonyesha jinsi kamba ilivyo nyembamba: Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa, na hadi Agosti mosi kilomita 11,840 zikawa hazivukiki hata kwa mwenye tiketi na viza mkononi.

Kwa mtu wa Dar hesabu bado ina kipande cha ziada. Dar es Salaam hadi New York ni kama kilomita 12,440, na ndege ya moja kwa moja haipo. Ajabu ni kwamba Dar iko usawa wa bahari, hewa yake ni nzito, kuruka na tani zote hizo za mafuta ni rahisi kuliko Nairobi. Tanzania nayo inazo Boeing 787 za aina ileile. Lakini kwa sasa msafiri wa Dar anayetaka njia hii anapanda ndege ya jioni, kilomita 670 hivi, anashuka Embakasi, anapanga foleni ya ukaguzi, anavua mkanda na viatu, anasubiri usiku upoe.